Siku Niliyoudaka Mpira Katikati ya Uwanja

Jana jioni niliwatazama mkicheza, nikarudi nyumbani sina hamu hata ya chai. Kijana mmoja, simtaji, anajijua, alipokea mpira katikati ya uwanja, akaukanyaga, akageuza shingo kuhakikisha mwenzake mwenye simu anamrekodi, akampiga mtu tobo, mpira katikati ya miguu, akamsubiri ainuke ampige tobo la pili, akanyang'anywa. Muda wote huo winga alikuwa peke yake pembeni amenyoosha mkono juu mpaka mkono umechoka, akaushusha. Nilipomwita yule bwana nikamuuliza kama alimwona mwenzake, alinijibu, "Kocha, lakini lile tobo umeliona?"

Nimeliona. Hata waliotufunga bao kutokana nalo waliliona.

Basi nimeamua kuwaandikia, maana nikisema mnaitikia "sawa kocha" kwa sauti moja, na masikio yako kwingine. Mtasoma kwenye hizo hizo simu. Nataka mjue kazi ya kiungo ni nini, na nataka mjue kwa nini nikimwambia mtu atoke nje ya uwanja sitaki mjadala. Wiki iliyopita mlinibishia. Kijana amegongwa kichwa, anayumba, ninyi mnaniambia, "Kocha, mwache, yuko fresh." Nani kawaambia yuko fresh? Yeye mwenyewe. Na yeye ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa.

Mimi ni mtoto wa Sindeni. Nilipokwenda Korogwe kujaribiwa kwenye timu ya shamba la mkonge, nilikwenda kama mshambuliaji, tena mwenye jina, maana pale kijijini nilikuwa nafunga kila Ijumaa. Kocha wa timu ile aliitwa Mwalimu Mbelwa. Alikuwa mfupi, mwembamba, mdomo wake mkali kuliko ndimu. Alinitazama nusu saa nzima nikikimbia huku na huku, kisha akaniita.

"Umetoka wapi?"

"Sindeni, mwalimu."

"Huko Sindeni mabeki wenu wanacheza na kandambili?"

"Karibu wote, mwalimu."

Hakucheka. Akasema, "Mbio huna. Ila unajua pa kusimama, na hilo wengi hawana. Nenda katikati." Hivyo ndivyo nilivyokuwa kiungo. Nililia njia nzima mpaka nilikofikia. Nilidhani nimeshushwa cheo.

Sasa sikilizeni alichonifundisha, kwa sababu kila siku nawaambia na kila siku mnapokea mpira mmeikodolea macho miguu yenu kama mmeangusha sindano. Mbelwa aliwahi kuchana kanga kuukuu za mkewe, vipande vya rangi mbalimbali. Mwenzangu alikuwa ananipigia mpira kutoka mbele, yeye Mbelwa amesimama nyuma yangu ameinua kitambaa kimoja. Kabla mpira haujafika mguuni sharti niwe nimeshageuza shingo, nimeona, nimetaja rangi. Nikichelewa, nakimbia kuzunguka uwanja. Nikikosea, nakimbia. Mwanzoni nilikuwa nabahatisha. Siku moja nikasema "nyekundu" kwa ujasiri mkubwa, kumbe hakuinua kitu, alikuwa anamenya chungwa. Siku hiyo nilikimbia mpaka nikaanza kuona rangi ambazo hazipo.

Lakini nilijifunza. Mpira ukiwa unasafiri kuja kwako, huo ndio wakati wa kutazama kwingine, kwa sababu mpira unaujua unakuja, hautapotea njia. Simama ubavu, usimpe anayekupasia kifua chote. Pokea kwa mguu ulio mbali, ili ukigusa tu uwe umeshageuka. Na mwenzako akipokea, msemeshe neno moja. Kuna adui mgongoni kwake, mwambie "mtu." Hakuna, mwambie "geuka." Basi. Ninyi mnapiga kelele "oya oya oya" uwanja mzima. Oya ni nini? Mtu afanye nini na oya?

Kwenye timu ile ndipo nilipomkuta Idrisa. Alikuwa Msambaa, wazazi wake waliteremka kutoka milimani wakakaa Mazinde kufanya kazi ya mkonge. Mimi nilicheza namba sita, nyuma, kazi ya kuziba na kukusanya. Yeye namba nane, kazi ya kupanda na kushuka, na Mungu alikuwa amempa miguu ambayo hata Mbelwa aliitukana kwa upole. Tulipanga chumba kimoja Korogwe. Alikuwa anakula chakula chake, halafu anakitazama cha kwangu kwa macho ya huruma mpaka ninampa. Alikuwa anakoroma. Alikuwa anavaa soksi zangu na kuapa ni zake. Nilimpenda kama ndugu, na siku nyingi nilitamani kumtupa mtoni.

Mama yake alifariki tukiwa bado Korogwe. Nilipanda naye milimani kwenda kumzika, nikashika jembe pamoja na wadogo zake. Tuliporudi, alikaa kitandani siku nzima, kisha akasema, "Twende mazoezini, Mhina. Hapa nitaoza." Tangu hapo hakumtaja tena mama yake. Nawaambia hili mapema kwa sababu bila hilo hamtaelewa nilichokifanya.

Baadaye timu moja ya ligi kuu ilituchukua wote wawili. Mji siutaji, wengine wako hai na wana midomo. Tulicheza pamoja misimu kadhaa, na tulifika mahali ambapo hatukuhitaji hata yale maneno mawili. Nikisikia anavuta pumzi najua anapanda. Akiona bega langu limeshuka anajua nitapasia kulia. Watu walikuwa wanamshangilia yeye tu. Mimi nilikuwa naulizwa barabarani kama bado nacheza. Haikunisumbua. Naam, ilinisumbua kidogo.

Siku ya mechi yenyewe kulikuwa na wakala kutoka nje ya nchi jukwaani, amekuja kumtazama Idrisa. Kila mtu alijua. Kocha wetu wa wakati huo, mtu wa suti hata juani, alikuwa amemzungukia Idrisa tangu asubuhi kama bibi harusi. Idrisa mwenyewe hakula, na hiyo peke yake ilitosha kunitia wasiwasi.

Mapema katika kipindi cha kwanza nilipata kadi ya njano kwa kumshika jezi winga wao aliyekuwa na mbio za swala. Ilikuwa kadi halali. Kipindi cha pili, bado tuko sare, kona ikapigwa, Idrisa akaruka na beki wao akaruka, vichwa vikakutana. Sauti ya vile vichwa niliisikia nikiwa mbali. Beki aliinuka anashika paji la uso. Idrisa hakuinuka mara moja.

Daktari wa timu aliingia na mkoba wake, akammwagia maji, akamuuliza, "Uko sawa?"

"Niko sawa."

Huo ndio ulikuwa uchunguzi wote. Mpaka leo nikikumbuka natamani kumvua yule bwana mkoba wake. Mtu aliyegongwa kichwa, kichwa hichohicho ndicho kinachokujibu. Unakiulizaje?

Mchezo ukaendelea. Nikampa Idrisa pasi ya kawaida, akaipokea bila kutazama nyuma. Idrisa ninayemfahamu mimi alikuwa anageuza shingo hata akila. Nikamwambia "mtu," hakusikia, akanyang'anywa. Nikamsogelea.

"Idrisa, vipi?"

"Ngapi ngapi?"

"Sare. Moja moja."

Akaitikia kwa kichwa kuonyesha ameelewa. Tukakimbia kidogo, mpira ukatoka, akanigeukia. "Ngapi ngapi?"

Nikamwita refa, nikamwambia huyu mtu haoni vizuri. Refa akasema daktari wenu amemruhusu, cheza. Nikakimbilia benchi. Nikamwambia kocha, "Mtoe Idrisa, amepotea kichwa." Kocha akatazama jukwaani, kisha akanitazama mimi. "Wakala yuko pale, Mhina. Unataka mwenzako akose? Zimebaki dakika chache. Rudi kwenye nafasi yako."

Nilirudi. Nilitii, maana ndivyo nilivyolelewa. Nikamkuta Idrisa amesimama pale duara la katikati, mikono kiunoni, uso umetulia mno. Aliponiona akaanza kuzungumza Kishambaa. Mimi ni Mzigua. Lugha zetu zinasikilizana kiasi, lakini miaka yote tuliyoishi pamoja tulizungumza Kiswahili, Kishambaa alikiweka kwa watu wa kwao. Akaniita kaka. Akaniuliza kama mama amesharudi kutoka shamba.

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeshika jembe kumzika mama huyo.

Mpira ulikuwa unakuja kwangu, pasi safi kutoka kwa beki wetu wa kulia, hakuna mtu mgongoni. Nikainama nikaudaka kwa mikono miwili, nikaukumbatia. Uwanja mzima ukaanza kuzomea. Refa akaja mbio, mkono mfukoni. "Umerukwa na akili?" Nikamwambia, "Nipe kadi. Sitauachia mpira mpaka huyu atoke." Akanipa njano ya pili, kisha nyekundu. Nikauweka mpira chini, nikamshika Idrisa mkono, nikatoka naye. Alikuja bila ubishi kama mtoto anayepelekwa shule. Kufika kwenye mstari akatapika kwenye viatu vya kocha. Hapo hata yule daktari alielewa.

Tulifungwa mbili zaidi. Tulikuwa kumi, tumechanganyikiwa, lazima tufungwe. Idrisa alipelekwa hospitali, wakakuta damu inakusanyika ndani ya fuvu, akafanyiwa upasuaji siku hiyohiyo. Daktari wa hospitali aliniambia mimi na dada yake, Zaina, kwamba angegongwa tena, au angecheleweshwa, tungezungumza mengine. Alipona. Anatembea, anafanya biashara, ana watoto. Ila mpira ukaisha siku ile.

Na mimi nikaambiwa nimeuza mechi.

Sina hakika mnaelewa jambo hili lilivyokuwa. Mtu anadaka mpira katikati ya uwanja timu iko sare, watu watasema nini? Walisema nimehongwa. Wengine, wenye akili zaidi kwa maoni yao, walisema ni wivu, kwamba nilimwona mwenzangu anakwenda nje nikaona bora nimharibie mbele ya wakala. Uongozi ulinisimamisha, na kocha, yule yule niliyemwomba, akasimama mbele ya waandishi akasema hakuna mtu aliyemwambia kwamba Idrisa ana tatizo. Niliisikia redioni nikiwa kwa kinyozi. Kinyozi akazima redio, akaniuliza kwa adabu kama namalizia na ndevu.

Haya yote niliyameza. Nilipata timu nyingine, ndogo, nikacheza mpaka goti likagoma. Kilichonishinda kumeza ni kwamba Idrisa aliyaamini. Alipozinduka alikuta watu wamezunguka kitanda, kila mmoja na hadithi yake, na hadithi ya wivu ndiyo iliyomfikia kwanza. Yeye mwenyewe hakuwa na kumbukumbu hata moja ya kipindi cha pili. Unaona jinsi mambo yanavyokera? Mtu pekee aliyekuwa na haki ya kusema kilichotokea hakumbuki, na waliokuwa wamekaa jukwaani na karanga wanakumbuka kila kitu.

Nilikwenda Mazinde kumwona. Zaina akanipokea, akaniwekea chai na mihogo, akaenda kumwita. Akarudi peke yake amejiinamia. "Ametoka, kaka Mhina." Nikamuuliza ametokaje wakati mlango wa mbele nimekaa mimi. Akasema, "Kwa nyuma." Nikaja mara nyingine, akatoka tena kwa nyuma. Mara ya tatu nikakaa upande wa nyuma, akatoka kwa mbele. Zaina alicheka mpaka akafuta machozi, mimi nilipanda bodaboda nikirudi huku nasema peke yangu njia nzima. Dereva akaniuliza kama niko kwenye simu.

Nikaacha. Miaka ikapita. Nikarudi huku Handeni, nikaanza kuwafundisha kaka zenu, halafu ninyi, na Idrisa akabaki Mazinde na duka lake la vifaa vya baiskeli na pikipiki. Wateja wakimuuliza habari za mpira alikuwa anajibu, nilisikia, "Kuna mtu alinikatia safari."

Mwaka juzi mama yangu alifariki. Tulimzika Sindeni. Baada ya maziko, nimekaa kwenye mkeka na wajomba zangu, watu wanapita kutoa pole, pikipiki ikaja imejaa vumbi, akashuka mtu mnene mwenye kovu upande wa kichwa. Nilimjua kwa mwendo. Hajabadilika, anatembea kama uwanja ni wake.

Akanisalimia kwa kunipa mkono bila kunitazama. "Pole, Mhina."

"Asante. Nimeshapoa."

Nilidhani ataondoka. Akabaki amesimama, kisha akasema, "Zaina ananisumbua. Anasema niulize kwako mwenyewe. Anasema alikuwepo hospitali."

"Uulize nini?"

"Siku ile. Mimi sikumbuki. Najua ya watu."

Wajomba zangu ni watu wa heshima, walijifanya wanatazama kwingine, lakini masikio yao yote yalikuwa kwetu. Tukasogea nyuma ya nyumba, tukakaa juu ya magogo ya kuni. Nikamweleza. Kona, kichwa, daktari na maji yake, ngapi ngapi mara mbili, benchi. Alikuwa anaitikia kwa kichwa tu, mkaidi, kama anasubiri nikosee. Nilipofika kwenye duara la katikati nikasita.

"Endelea," akasema.

"Ulinisemesha Kishambaa."

"Wewe?"

"Mimi. Ukaniita kaka. Ukaniuliza kama mama amerudi kutoka shamba."

Alivua kofia, akalishika lile kovu, akaivaa tena. Nilitazama kuku wakichakura kwenye majivu, kwa sababu kuna wakati hata kiungo hatakiwi kumtazama aliye pembeni yake.

"Hakuna mtu aliyeniambia hilo," akasema.

"Hakuna aliyesikia ila mimi. Na wewe ulikuwa unapitia mlango wa nyuma."

"Ungemwambia Zaina."

"Nimwambie Zaina kwamba ulimtafuta mama yenu uwanjani? Ukiwa bado kitandani?"

Akauliza, taratibu kabisa, "Na wewe ulinijibu nini?"

"Nilikwambia anakuja."

Akainuka. Nilifikiri anakwenda kwenye pikipiki yake. Akapita pikipiki, akaenda mpaka pale mkekani, akavua viatu, akawaambia wajomba zangu, "Shikamooni. Nisogezeeni kidogo." Wakamsogezea. Akakaa upande wa wafiwa. Watu wa kijiji cha Kwamsisi walipofika na kuanza kutoa pole, walitoa kwa wajomba, wakatoa kwangu, wakafika kwake, wakasita kwa sababu hawamjui. Akawapa mkono. "Asanteni," akasema. "Tumeshapoa."

Alikaa mpaka siku ya tatu. Alikula msibani kama alivyokuwa akila Korogwe, na shangazi zangu wakaniuliza huyu ndugu yetu anatoka upande gani. Usiku alikoroma. Hatukuombana radhi, hakuna aliyeona haja.

Kwa hiyo mzee anayekuja hapa uwanjani Jumamosi moja moja, yule anayekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na kuniambia kila uamuzi wangu ni mbovu, ndiye huyo. Mnamwita mzee wa baiskeli. Mpeni shikamoo vizuri. Jumamosi iliyopita, mlipokuwa mnanibishia kuhusu yule mwenzenu aliyegongwa, mimi nilikuwa bado natafuta maneno ya kiungwana. Idrisa aliinuka kwenye ndoo yake, akaingia uwanjani na kandambili zake, akamshika kijana mkono, akamtoa, akamkalisha kivulini, akakaa naye. Mliona wenyewe. Mlinung'unika, mmoja akasema wazee wanaharibu mechi.

Mliyokuwa hamyasikii kule mlikokuwa ni yale aliyokuwa akimuuliza. Hakumuuliza kama yuko sawa. Alikuwa anamuuliza jina la mama yake, yuko wapi saa hizi, na anapika nini jioni, na alikuwa anasubiri kila jibu mpaka mwisho.